Mkono wa Mpaliliaji

Washairi wetu wamemsifu mkulima tangu zamani, lakini mara nyingi wamemsifu akiwa na mbegu kiganjani au akirudi na mavuno kichwani. Siku za katikati, ambazo ndizo nyingi, hupitwa haraka. Nasema zile wiki za baada ya mvua za kwanza, mahindi yakiwa na majani manne, na kati ya mistari ardhi imevaa kijani ambacho hakuna aliyekipanda. Mavuno huamuliwa hapo. Hindi lililobanwa na magugu mwezi wake wa kwanza halirudishi kilichopotea hata ukilisafishia shamba baadaye. Chakula cha nyumba nzima hutegemea palizi ya kwanza, wiki ya pili au ya tatu tangu mbegu kuota, na kazi hiyo hufanywa kwa kuinama, macho chini.

Wasukuma wana bugobogobo, ngoma inayochezwa majembe mikononi, iliyozaliwa katika vikundi vya kulima kwa pamoja. Ni ngoma ya fahari, jembe hurushwa juu na kudakwa. Lakini hiyo ni sifa ya kulima, ya bega na pumzi. Palizi haitaki kishindo. Inataka macho, na ndiyo maana wasiopata kuifanya huidhania kazi ya mtu asiye na ujuzi.

Shangazi yangu analima mahindi na mihogo upande wa Muheza. Jembe lake limelika kwa miaka ya kunolewa kwa tupa, limebaki nusu, naye hataki jipya, kwa kuwa jipya ni pana na huzama kuliko anavyopenda. Hulipitisha chini kidogo ya uso wa udongo, kina cha inchi moja hivi, na kulikata gugu pale shina linapokutana na mzizi. Akichimba zaidi ataziinua mbegu zilizolala gizani, nazo zikiona mwanga zitaota. Husubiri jua likaushe umande, maana gugu lililokatwa kwenye udongo mbichi hushika mizizi tena. Lile litambaalo lenye maua ya buluu hulikusanya na kulitupa nje ya shamba, kwa sababu kila kipande chake ni mmea mpya. Ndago ndiyo inayomtesa zaidi. Viazi vyake vidogo vimeungana kwa nyuzi chini ya ardhi, na anayeipiga jembe kwa hasira huzikata nyuzi hizo na kuizidisha. Akilikaribia shina la hindi, hulaza jembe chini na kuingiza vidole.

Siku moja nikamwona ameruka mmea mmoja, kisha mwingine wa aina ileile.

"Shangazi, hiyo umeisahau."

"Sijasahau, mwanangu. Huo mchunga. Jioni utaula."

Tuliula. Ulichemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa ili uchungu upungue, kisha ukaungwa kwa tui la nazi, na bado ulibaki mchungu kiasi cha kuupa ugali maana. Mnavu, mgagani na mchicha wa porini nayo huja na mvua hizohizo, bila kupandwa, wakati ghala limekaribia kwisha na bustani haijatoa kitu. Kwa hiyo anayepalilia huwa pia anachuma. Mmea anaouacha huku, kule anaung'oa kwa sababu umezidi au umelisogelea hindi mno. Hata hindi lililojiotea katikati ya maharage hulitoa. Kwake gugu si ukoo fulani wa mimea uliolaaniwa. Ni mmea uliokosea mahali au wakati, na kesi yake husikilizwa upya kila msimu.

Fasihi ina haraka kuliko shangazi. Neno magugu likiingia kwenye shairi, aghalabu hukumu imekwisha kutolewa, maana yake ni uovu na dawa yake ni moto. Hata mfano unaojulikana kuliko yote, ule wa Injili ya Mathayo sura ya 13, tumeusoma kwa haraka hiyo. Adui anapanda magugu usiku katikati ya ngano. Watumwa wanataka kuyang'oa. Mwenye shamba anawazuia, akihofia wataing'oa na ngano, mpaka siku ya mavuno. Nimesikia mahubiri mengi juu ya adui na juu ya tanuri, na machache mno juu ya kule kuzuia. Gugu linalodhaniwa kukusudiwa pale ni nyasi ambayo wataalamu huiita Lolium temulentum. Likiwa changa linafanana na ngano kwa namna ya kumchanganya mzoefu. Tofauti hujitokeza waziwazi masuke yanapochomoza, na kufikia hapo mizizi imeshafungamana. Punje zake zikichanganyika na unga humletea mlaji kizunguzungu na kutapika. Mwenye shamba yule anasema kama mtu aliyewahi kuinama mwenyewe.

Kufanana huko nako kumetokana na mkono wa binadamu. Kwa maelfu ya miaka wapaliliaji waling'oa kila kilichoonekana tofauti na zao. Kilichofanana nalo kiliponyoka, kikatoa mbegu, na mbegu zikavunwa pamoja na nafaka na kupandwa tena. Pasipo kujua, mpaliliaji alikuwa anachagua wazazi wa magugu. Mtaalamu Mrusi, Nikolai Vavilov, aliyeizunguka dunia akikusanya mbegu za mazao na akafia gerezani Saratov mwaka 1943, alieleza kwamba nafaka ya rai ilianza kama gugu katika mashamba ya ngano. Ilipofika kwenye baridi na udongo duni ilistahimili kuliko ngano yenyewe, mpaka watu wakaacha kuing'oa, wakaipanda. Mkate mweusi wa kaskazini mwa Ulaya umetoka huko. Sioni sifa kubwa kuliko hiyo kwa kazi inayodharauliwa.

Kwetu somo hilo liko kwenye mpunga. Nenda Kyela au Mbarali majira ya palizi uone watu wamesimama majini wakifunua jani moja moja. Kuna nyasi ya jamii ya Echinochloa ambayo ikiwa changa huwezi kuitenga na mpunga kwa kutazama ukiwa umesimama. Lazima uinamishe uso. Pale jani la mpunga linapoachana na shina pana kijikamba cheupe, chembamba, kilichosimama, na pembeni vijisikio viwili vyenye vinyweleo. Kwenye nyasi ile hapana kijikamba wala sikio, ni patupu. Mpunga mwitu ni mjanja zaidi, kwa kuwa wenyewe ni mpunga na kijikamba unacho. Huo hutambuliwa kwa vishina vinavyotambaa ardhini, au kwa masikitiko ya baadaye, punje zinapopukutika kabla ya kuvunwa. Wanaozijua alama hizi hawakuzipata darasani. Vidole vyao huzifikia kabla ya macho.

Miongoni mwa waandishi wetu, naona Shaaban Robert ndiye aliyekaribia kuupa mkono huo heshima yake. Katika Utubora Mkulima, kilichochapwa baada ya yeye kufariki mwaka 1962, Utubora anaacha ukarani wa mshahara mzuri Unguja na kwenda Busutamu kulima. Wapo wanaokiona kitabu hicho kuwa ndoto ya mtu mwema kupita kiasi. Mimi nakipenda kwa jambo moja: msomi anachagua jembe kwa hiari yake, bila kushindwa maisha, na hazungumzi juu ya ardhi kama mtu anayeipungia mkono kutoka dirishani.

Haraka ya lugha ina gharama. Mwaka 1994 nchini Rwanda wauaji walizungumza kwa lugha ya shamba: kuua kuliitwa kazi, na kuwasaka waliojificha kukaitwa kufyeka vichaka. Tangu nilipolifahamu hilo, msemaji yeyote anayewaita watu magugu hunifanya nitazame mikono yake. Mtu aliyepalilia kweli hawezi kuhukumu shamba zima kwa neno moja.

Siisifu palizi ili watu waendelee kuvunjika viuno. Katika mashamba madogo mzigo huu huwaangukia zaidi wanawake, na watoto huitwa kutoka darasani kuwasaidia. Anayenunua kiuagugu simlaumu, ingawa bomba lake halimwachii mchunga wala mnavu. Na yapo magugu ambayo mkono huyafikia yakiwa yamemaliza kazi. Kiduha, chenye maua ya zambarau ya kupendeza, hutoa maelfu ya mbegu ndogo mno zinazoweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10, zikisubiri dalili za mzizi wa hindi au mtama. Hunyonya chini kwa chini. Ukikiona juu, hindi limeshadhoofika. Watafiti wa kituo cha utafiti cha icipe kule Mbita, Kenya, waligundua kwamba desmodium ikipandwa kati ya mistari huziamsha mbegu hizo kisha huzizuia kujishika kwenye mzizi wa zao, zikafa. Ni mmea unaompalilia mkulima, na huliwa na ng'ombe.

Njia nyingine ya kuupumzisha mgongo ni kilimo shadidi cha mpunga, kilichoanzia Madagaska miaka ya 1980. Miche hupandwa mmojammoja kwa nafasi ya sentimita 25 kila upande, na mkulima husukuma kipalizi kati ya mistari akiwa amesimama wima. Meno ya kipalizi hufukia magugu kwenye tope na kuipatia mizizi hewa. Kazi ya siku nyingi hupungua sana. Kilichoota shinani, ndani ya mstari wenyewe, kipalizi hakikifikii, na hata kingekifikia kisingejua kama ni mpunga. Hapo mtu huiweka mashine kwenye jaruba, huinama, na kulifunua jani.