Gololi za Usiku wa Manane

Mtu aliyezoea nyumba ya chini, akihamia ghorofani, hakawii kuisikia: usiku wa manane, watoto wote wamelala na mbwa wamechoka kubweka, gololi inaanguka juu ya dari, inadunda mara tatu au nne, kila mdundo ukiwa karibu zaidi na uliotangulia, kisha inabingirika mpaka ukutani na kunyamaza. Mimi niliisikia Mbweni ya Unguja, katika jengo la ghorofa nne ambamo nilipanga ghorofa ya pili, usiku baada ya usiku, baina ya saa nane na saa kumi. Na, kama ilivyo tabia ya wanaadamu, kabla sijachunguza chochote nilikwishampata wa kumlaumu, kwa maana juu yangu alikaa mama mmoja mwenye watoto watatu.

Nilipanda asubuhi nikabisha hodi, nikaieleza kadhia yangu kwa maneno ya adabu kadiri nilivyoweza. "Maalim," akanijibu, "wanangu hawana gololi, na mimi mwenyewe nilikuwa nakusudia kwenda kuwasemesha hao wa juu." Tukapanda pamoja kwa mzee wa ghorofa ya nne, naye akatusikiliza mpaka mwisho, akacheka. "Juu yangu mimi, mwanangu, hapana mtu. Yako matangi, na Mwenyezi Mungu."

Jambo likifika hapo, katika visiwa vyetu, halikosi kuzaa uvumi. Wapangaji wawili walishauri kisomo, na mmoja akakumbusha mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza baada ya kurejeshwa kwa vyama vingi, ambapo khofu ya jini aitwaye Popobawa ilitapakaa Pemba na Unguja, watu wakatoka majumbani mwao kulala nje kwa makundi, na miongoni mwa dalili zilizosimuliwa za ujio wake zilikuwa kucha zinazokwaruza juu ya bati. Siandiki haya kwa kuwadhihaki waliokesha siku zile, kwani aliyepatwa na jinamizi, akaamka hawezi kuinua mkono na huku paa linalia juu yake, hana haja ya kuongezewa ushahidi. Nasema tu kwamba sauti isiyo na mwenyewe hutafutiwa mwenyewe, awe jini au jirani, na aghalabu jirani ndiye huonewa zaidi.

Kosa la kwanza ni la sikio. Sauti ikitoka kulia au kushoto tunaitambua kwa sababu hulifikia sikio moja kabla ya la pili, kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde; lakini baina ya juu na chini masikio mawili yaliyo usawa mmoja hayana kipimo hicho, na hutegemea mikunjo ya sikio la nje, ambayo haimfai sana mtu aliyelala kichwa kikiwa juu ya mto. Kosa la pili ni la jengo. Sauti hukata hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde, ilhali katika zege hupita mita 3,000, na nyumba ya zege imefungamana sakafu, nguzo na mihimili kwa nondo zilizoshikana, hata ukigonga pembe moja ya jengo, pembe zote hupata khabari. Kishindo kinachopiga chini hutokea ukutani na darini kwa wakati mmoja, na akili, maadamu imezoea kuwa nyayo ziko juu, huchagua juu.

Wazee wetu wa Mji Mkongwe hawakuijua taabu hii kwa namna hiyo. Kuta zao ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake yapata nusu mita. Na sakafu zao zililazwa juu ya boriti za mikoko, kisha kifusi cha mawe, kisha chokaa iliyopondwapondwa, matabaka yasiyolingana ambayo kila moja humeza sehemu ya mtikisiko kabla ya kuupitisha kwa jirani yake. Hata magofu ya skuli ya wamisionari hapo Mbweni, ukiyapiga kofi, hayaitiki. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa katika zama za Mzee Karume na baada yake kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, ndiyo yaliyowafundisha watu wengi wa Unguja kuishi na nyayo za mtu mwingine juu ya vichwa vyao.

Basi ni nini kilichogonga? Nilianza kwa daftari, nikiandika saa, hali ya hewa na idadi ya midundo. Dhana yangu ya kwanza ilikuwa joto. Bati la chuma la urefu wa mita tatu, likitoka katika nyuzi 60 za jua la mchana hata nyuzi 25 za alfajiri, hupungua zaidi kidogo ya milimita moja, na kwa kuwa misumari hailiachi lipungue polepole, hukwama, kisha hujinasua kwa kishindo. Walakini bati hulia zaidi baada ya magharibi, joto linapoporomoka, na gololi zangu zilikuja saa nane hata katika usiku wa mvua ya kutwa, ambapo hapakuwa na joto la kuporomoka. Dhana hiyo nikaifuta.

Daftari lilinionyesha jambo jingine: usiku ambao mabomba ya mtaani hayakutoa maji, gololi hazikuanguka. Nikamwita fundi bomba. Yeye hakusema neno. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya paipu ya chuma inayopanda ukutani kwenda kwenye matangi, na mpini akauegemeza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, kisha akasema: "Maalim, usiku watu wamelala, hakuna anayefungua mfereji, maji yana nguvu. Mchana boya la tangi lako halina kazi."

Maneno yake yana elimu kubwa ndani yake. Mhandisi Mrusi Nikolai Joukowsky, katika majaribio aliyoyafanya kwenye mabomba ya maji ya Moscow mwaka 1897, alibainisha kwamba maji yanayosafiri yakizuiwa ghafla hugeuza mwendo wake kuwa shinikizo: mwendo wa mita moja tu kwa sekunde ndani ya paipu ya chuma huzaa pigo la kiasi cha mara kumi na mbili ya shinikizo la hewa, na pigo hilo hurudi nyuma ndani ya paipu kwa kasi ya zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde, likigonga huku na huku mpaka lichoke. Tangi letu lilipokaribia kujaa, mawimbi madogo ya maji yalilipandisha na kulishusha boya, na valvu yake iliyochakaa ikawa inafunga, inafungua, inafunga, kwa haraka zaidi kadiri nafasi ilivyozidi kuwa nyembamba. Huo ndio mdundo unaokaribiana. Na kule kubingirika kulikuwa ni paipu yenyewe ikitetemeka ndani ya vibanio vilivyolegea.

Sikutosheka na nadharia. Usiku wa kwanza tulifunga koki ya chini: kimya. Usiku wa pili tukaifungua: zikaja saa nane na dakika ishirini. Usiku wa tatu tukaifunga tena, na mzee wa ghorofa ya nne akakesha nami kwa kahawa mpaka adhana ya alfajiri: kimya, isipokuwa komba mmoja aliyelia kama mtoto mchanga katika mwembe wa nyuma, na huyo kila mtu anamjua. Fundi akabadilisha valvu, akakaza vibanio, akatia vipande vya mpira baina ya paipu na ukuta, na kabla ya adhuhuri kazi ikawa imekwisha.

Yule mama nilimwendea kumtaka radhi. Nawe msomaji unayekaa ghorofani, ukisikia gololi, andika saa yake kwa siku saba na ufunge koki usiku mmoja, kabla hujapanda ngazi kumgongea mtu mlango.