Kasala na Misa ya Kamina: kwa nini wimbo unamliza mtu

Kwa nini muziki una nguvu hivi juu ya moyo wa mtu? Hili si swali la wasomi wa Ulaya peke yao. Hapa kwetu, kuanzia Kaniama mpaka Kamina, kila mtu aliyekwisha kukesha kwenye kilio amelionja. Watu wamekaa, wanazungumza mambo ya shamba na bei ya mahindi. Halafu mama mmoja anaanzisha kasala, na palepale wanaume wenye nguvu zao wanainamisha kichwa. Hakuna habari mpya iliyoletwa. Marehemu alikuwa marehemu tangu asubuhi. Ni sauti tu iliyoingia. Sasa, ile sauti imefanya nini?

Tutajaribu kujibu kwa kupima kazi moja iliyotoka katika eneo letu na kujulikana dunia nzima: Missa Luba, misa ya Kamina.

1. Misa ilivyozaliwa

Katikati ya miaka ya 1950, padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda huko Kamina kundi la waimbaji: watoto wa shule wapata 45 na walimu wao 15. Lilipewa jina la mfalme wa wakati ule, Les Troubadours du Roi Baudouin. Misa yao iliadhimishwa mara ya kwanza Kamina tarehe 23 Machi 1958. Mwaka uleule walisafiri Ulaya, wakaimba hata kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels.

Maneno yalibaki ya Kilatini, na Kigiriki kwa upande wa Kyrie, kama Kanisa lilivyotaka kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965). Lakini sauti zilitoka nyumbani. Kyrie inafuata kasala ya kuomboleza, kwa namna ya watu wa Ngandajika. Sanctus imejengwa juu ya wimbo wa Kiluba wa kuagana. Hosanna ina mwendo wa ngoma ya kucheza ya Kasai. Wengine wanasema huo ni mchanganyiko tu. Tuseme ukweli: Kamina ni njiapanda ya reli, na gari la moshi linalokwenda Kasai linapita hapa Kaniama. Nyimbo zilikuwa zimekwisha kuchanganyika zenyewe kabla padri hajafika.

Jambo la kushika ni hili: sehemu kubwa ya misa ile haikuandikwa. Waimbaji walikubaliana juu ya njia, kisha wakaijaza wenyewe wakati wa kuimba. Msikilize mwalimu Joachim Ngoi, anayeongoza Kyrie katika sahani ya 1958. Anapanda juu, anasita, anashuka polepole, na kundi linampokea kabla hajafika chini. Njo vile mtu anavyolia, na njo vile wenzake wanavyomshika asianguke.

2. Nguvu ya kwanza: sauti yenyewe

Mwaka 2001 watafiti wa Montreal, Anne Blood na Robert Zatorre, walipima ubongo wa watu waliokuwa wakisikiliza muziki unaowasisimua mwili. Waliona kwamba zinaamka zile sehemu zinazoamka mtu anapopata chakula na raha nyingine. Mwaka 2011, palepale Montreal, ikaonekana jambo lingine: ubongo unaanza kutoa dawa yake ya raha kabla ya kile kipande kizuri kufika, wakati msikilizaji angali anakingoja. Mwimba kasala angewaambia bila mashine yoyote. Kazi yake ni kungojesha watu. Anachelewesha, anazunguka, halafu anatoa.

Utafiti mwingine, wa 2009, ulifanywa kwa Wamafa wa kaskazini mwa Kameruni. Walisikilizishwa muziki wa Ulaya ambao hawakuuzoea, na bado waliweza kutambua, si kila mara lakini zaidi ya kubahatisha, upi ni wa furaha, upi wa huzuni, upi wa hofu. Basi iko nguvu ndani ya sauti isiyoomba pasipoti. Njo maana Kyrie ya Kamina iliweza kumgusa hata mtu wa Brussels asiyejua kilio chetu.

3. Nguvu ya pili: jina

Lakini tusiishie hapo, maana wengi wanaishia hapo na kusema kwamba muziki ni lugha ya watu wote. Sanctus yetu inawapinga. Mwaka 1968 Mwingereza Lindsay Anderson aliiweka katika filamu yake If...., yenye hadithi ya wanafunzi wanaoasi shule yao. Kijana mwasi anaiweka ile sahani tena na tena. Katika masikio yake ni wimbo wa uhuru, wa damu inayochemka. Kumbe kwa Muluba ni sauti ya kuagana! Sauti ni moja, moyo umegutuka pande zote mbili, lakini hawakusikia jambo moja. Sauti inamwamsha mtu. Haimwambii ameamshwa kwa ajili ya nani.

Hilo la pili linafanywa na jina. Mwanzoni mwa kasala hakuna machozi mengi. Yanakuja pale mwimbaji anapomtaja marehemu kwa majina yake ya sifa, halafu baba yake, halafu babu, ukoo, mto na kijiji walikotoka. Kila mtu wa ukoo anajua mstari ule unaelekea kwake, anaungoja, na unapofika hawezi tena kujizuia. Patrice Mufuta na Clémentine Faïk-Nzuji, waliochapisha vitabu juu ya kasala, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwaka 1974, wametuonyesha kwamba si kilio tu: kasala hutia mtu ujasiri na kumkumbusha yeye ni nani. Wazee wa Mbudye nao, walipogusa shanga za lukasa na kuimba historia ya wafalme, walikuwa katika kazi hiyohiyo ya kumbukumbu.

Nguvu ya jina ni kubwa hata inauzwa. Wanamuziki wa Kinshasa wanatupa libanga: tajiri analipa, jina lake linatajwa ndani ya wimbo. Tunacheka, lakini mwangalie aliyetajwa namna anavyonyanyuka kitini. Tofauti ni kwamba libanga linataja mtu peke yake, na kasala inamtaja pamoja na waliomzaa.

4. Na korali zetu?

Hapa njo penye shida. Korali nyingi zinaimba kwenye kilio kwa kinanda cha umeme na bafle kubwa, kwa nyimbo zilizopangwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Sauti ni nzuri, sare ni safi. Watu wanasisimka, hatukatai. Lakini ni nguvu ya kwanza peke yake. Ukibadilisha marehemu, wimbo haubadiliki hata neno moja. Missa Luba yenyewe imepatwa na jambo hilo: iliandikwa kwa noti, na korali nyingi duniani zinaiimba kutoka kwenye karatasi. Korali ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, ilitoa sahani yake mwaka 1990, na ni kazi ya kupendeza, yenye sauti zilizolingana kuliko zile za 1958. Lakini kinachopungua ni kule kusita kwa mwimbaji asiyejua bado atashukia wapi.

Kuna Wakristu wanaoogopa kasala kwa sababu inataja wahenga. Tuwajibu kwa heshima: misa ya 1958 iliichukua sauti ya kasala mpaka altareni, na imani haikuanguka. Na Injili ya Mathayo yenyewe inaanza kwa orodha ya ukoo.

Tusiwalaumu vijana wa korali, wanaimba walichofundishwa. Lakini sauti inaweza kujifunzwa hata kwenye sahani, iwe Kamina, iwe Nairobi. Majina hayajifunzwi huko. Yako vichwani mwa mama na baba wachache katika kila kijiji, na kila kilio tunachokwenda kinaweza kuwa cha mmoja wao. Basi kila korali ipeleke waimbaji wawili watatu wakakae karibu nao, waandike, wajifunze kupokea. Bila hivyo watoto wetu wataendelea kulia wakisikia muziki, lakini watakuwa sawa na yule kijana wa filamu: wameguswa sana, na hawajui wanaagana na nani.