Koo la Tajirika, Muundi wa Mama wa Karatina

Katika Mũrogi wa Kagogo, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ambayo mwenyewe aliitafsiri ikatoka kwa Kiingereza mwaka 2006, Tajirika anapelekwa kwa mganga akiwa na shida mbili. Maneno yamemkwama kooni, na mikono haiachi uso wake: anajikuna tu mbele ya kioo. Mganga anayavuta maneno hayo polepole mpaka yatoke. Kumbe huyu mwenyekiti mpya, aliyeletewa magunia ya pesa, anatamani ngozi nyeupe! Tunacheka, na tuna haki.

Lakini kwani koo na ngozi huugua pamoja kwa wenye tamaa peke yao? Upo ugonjwa wa Graves. Kinga ya mwili inageuka na kuichokoza tezi ya shingoni hadi inatoa homoni kupita kiasi. Moyo unaenda mbio, macho yanatokeza, mtu anakula na bado anakonda. Kwa wagonjwa wachache, ngozi ya muundi nayo inavimba, inakuwa ngumu, yenye vitundu kama ganda la chungwa. Mama anayeuza viazi Karatina, akivuta leso kufunika miguu yake, hajatamani ngozi ya mtu. (Na jirani hatakosa kumwambia aongeze chumvi, ilhali chumvi yetu hutiwa iodini kwa sheria tangu 1978, na iodini ikizidi yaweza kuuchochea ugonjwa huo.)

Hapo ndipo ninapogombana na riwaya. Aburĩria ni nchi ambayo mwili hausemi uongo: Mtawala akinyimwa mkopo anavimba kama puto, Tajirika akijichukia anajikuna. Kejeli inataka hivyo, sawa. Ila iliandikwa kwa Gĩkũyũ, kwa watu walio na neno thahu, ule unajisi unaomuuguza aliyevunja mwiko. Msomaji kama huyo hahitaji kusukumwa sana ndiyo amtazame mwenye shingo iliyovimba na kujiuliza alifanya nini.

Kinachoiokoa sehemu hii ni jinsi Kamĩtĩ anavyofanya kazi. Uchawi wenyewe ni kibao alichoandika kuwatisha polisi. Hana kipimo wala sindano. Anakaa, anauliza, anangoja, anauliza tena. Ukizisoma kurasa hizo ukiwa kwenye foleni ya kliniki mjini Nyeri, na kadi yako bado iko chini kabisa ya rundo, unamwonea Tajirika wivu kwa muda wote huo aliopewa.