Kronografu ya Bunduki ya Upepo: Rudisha Namba Kuwa Milimita

Uingereza ina sheria inayomlazimu mwenye bunduki ya upepo kuwa mtu wa vipimo. Kwa mujibu wa Sheria ya Silaha ya 1968 na kanuni zilizofuata mwaka 1969, bunduki ndefu ya upepo ikiweza kutoa risasi yenye nishati inayozidi futi-pauni 12 kwenye mdomo wa mtutu, sawa na jouli 16.27, inahesabiwa kuwa ya hatari ya pekee, na mwenye nayo lazima awe na cheti cha silaha. Kwa bastola mpaka ni futi-pauni 6. Wajerumani wameweka wao jouli 7.5, na bunduki isiyovuka hapo hugongwa herufi F ndani ya umbo la pembe tano. Wanaolenga shabaha Uingereza hupenda bunduki zao zikae karibu na mpaka, kwa sababu risasi yenye kasi hushuka kidogo na haiyumbishwi sana na upepo. Ndiyo maana tofauti ya nusu futi-pauni, ambayo mahali pengine isingemshughulisha mtu, kule inaweza kumpeleka mtu mahakamani.

Kifaa cha kuamua jambo hilo ni kronografu. Watu huiweka mezani, hufyatua mara tatu, husoma namba na kuondoka wameridhika. Nadhani namba hizo huaminiwa mapema mno. Kinachokosekana ni hatua moja ndogo ya hesabu: kuigeuza kasi iliyoandikwa kwenye kioo iwe muda, kisha muda uwe masafa. Ukishafika kwenye milimita, unaweza kuuliza swali lenye jibu: ni kitu gani ndani ya mashine hii kinachoweza kukosea kwa milimita kiasi hicho?

Kronografu ya kawaida ina macho mawili yaliyopangwa kwenye mstari mmoja. Risasi ikipita, kivuli chake huangukia jicho la kwanza na saa huanza kuhesabu. Kivuli kikifika jicho la pili, saa husimama. Mashine hugawa umbali wa jicho hadi jicho kwa muda uliohesabiwa, basi. Saa yenyewe huendeshwa na fuwele ya kwatzi, na hata ya bei rahisi hukosea kwa sehemu chache tu katika laki moja. Chukua risasi ya milimita 4.5 yenye uzito wa gramu 0.547, ambayo kwa kipimo cha Waingereza ni greni 8.44. Ili ifikishe futi-pauni 12 kamili inabidi iende mita 244 kwa sekunde. Macho yakiwa yametengana sentimita 30, safari hiyo huchukua takriban sehemu 1,230 za milioni ya sekunde. Saa ikikosea kwa sehemu moja, kasi inakosewa kwa chini ya asilimia 0.1. Saa haina hatia.

Penye shida ni kwenye umbali. Ukipima kwa rula utaona sentimita 30 na huna la kubishana, lakini mashine haisomi rula. Umbali unaohusika ni ule kati ya mahali risasi ilipokuwa jicho la kwanza lilipoitambua na mahali ilipokuwa jicho la pili lilipoitambua. Risasi hiyo ina urefu wa milimita 6 hadi 7. Jicho hutoa ishara pale mwanga unapopungua kufikia kiwango fulani. Likiwa kali, litaitambua pua ya risasi inapochungulia tu. Likiwa zito, au limeingia vumbi, au risasi ikipita mbali nalo na kivuli kikawa hafifu, litangoja mpaka nusu ya risasi iwe imeingia. Macho mawili yasiyolingana ukali yanaweza kutofautiana kwa milimita nzima bila mtu kuona dalili yoyote.

Milimita 1 katika sentimita 30 ni asilimia 0.33. Hiyo inavumilika. Lakini ziko kronografu ndogo zinazofungwa kwenye mdomo wa mtutu, ambazo macho yake hutengana kwa sentimita chache tu. Tuseme ni sentimita 6. Sasa milimita ileile ni karibu asilimia 1.7 ya kasi, na kwa kuwa nishati hufuata kasi iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe, kosa la nishati ni kama asilimia 3.3. Kwenye futi-pauni 12, hiyo ni 0.4. Bunduki halali ya 11.7 itasomeka imevunja sheria, na iliyovunja sheria itasomeka halali. Kibaya zaidi, itasomeka hivyo kila mara, kwa sababu macho yale hayabadiliki kati ya risasi moja na nyingine. Mfyatuaji ataona namba zinazokaribiana sana na kusema mashine ni nzuri. Kukaribiana kwa namba kunathibitisha kwamba mashine inarudia jibu lake. Kama jibu ni sahihi, hilo halijathibitishwa.

Tuchukue mfano wa risasi kumi kwenye kronografu ya sentimita 30, kwa mita kwa sekunde: 240.1, 241.3, 239.8, 240.6, 252.4, 240.9, 240.2, 241.0, 239.5, 240.7. Risasi ya tano imejitenga. Wengi wangeifuta na kuendelea, na wapo ambao wangeihesabu kwenye wastani kwa hoja kwamba kipimo ni kipimo. Mimi naona zote mbili ni uvivu. Irudishe kwenye muda kwanza. Zile tisa zina wastani wa 240.5, yaani sehemu 1,248 za milioni ya sekunde. Ile ya tano ni 1,189. Tofauti ni 59, na kwa mwendo huo risasi husafiri milimita 14 ndani ya muda huo.

Milimita 14 ni mara mbili ya urefu wa risasi yenyewe. Macho kutolingana hakuwezi kuleta kosa hilo, kwa kuwa risasi nzima ingekuwa imeshapita. Hivyo yamebaki mambo mawili: ama jicho la pili liliamshwa na kitu kingine kilichotangulia risasi, ama risasi hiyo kweli ilikwenda kasi. La pili halipuuzwi. Katika bunduki ya springi, tone la mafuta likiingia mbele ya pistoni linaweza kuwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, kama linavyowaka kwenye injini ya dizeli, na kuisukuma risasi zaidi. Dalili zake ni moshi mdomoni, harufu ya mafuta yaliyoungua na mlio mkali kuliko kawaida. Ukiziona, risasi ya tano ni halisi, na ina jouli 17.4, juu ya mpaka. Usipoziona, tafuta kilicholidanganya jicho.

Na zile tisa nyingine? Kutoka 239.5 hadi 241.3 ni tofauti ya asilimia 0.75, ambayo kwenye sentimita 30 ni kama milimita 2. Risasi zikipita moja juu kidogo na nyingine chini kidogo, sehemu kubwa ya tofauti hiyo inaweza kuwa ya macho tu. Kwa hiyo mtu akifungua bunduki na kubadilisha springi ili kupunguza mtawanyiko huo, huenda anaitibu bunduki isiyoumwa. Azipitishe kwanza risasi zote mahali pamoja: bunduki ilale kwenye kiegemeo, mashine ifungwe isisogee, na mtutu uangalie katikati ya macho yote mawili.

Wadanganyifu wa jicho wanajulikana. Wa kwanza ni taa. Umeme wa Uingereza, kama wa Kenya na Tanzania, ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za tyubu za aina ya zamani hupanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde. Kila mdundo huchukua sehemu 10,000 za milioni ya sekunde, wakati risasi inapita kwa 1,230. Risasi moja itapita mwanga ukiwa juu, nyingine ukiwa unashuka, na jicho linaloangalia dari litahesabu giza la taa kama kivuli cha risasi. Makosa ya aina hii hutokea ovyo ovyo, ndiyo maana watu huilaumu bunduki. Dawa ni kuzima taa na kutumia kronografu inayojimulikia yenyewe kwa mwanga wa infraredi, au kutoka nje siku ya mawingu. Jua kali la pembeni nalo ni baya, kwa sababu hung'arisha tumbo la risasi mpya na kukipunguza kivuli.

Wa pili ni hewa ya bunduki yenyewe. Bunduki za mtungi, yaani zinazotumia hewa iliyobanwa mtungini, hutoa hewa nyingi nyuma ya risasi, na hewa hiyo ikitanuka ghafla hupoa, na unyevu uliomo hugeuka ukungu. Kwa muda mfupi nje ya mdomo, hewa huipita risasi. Ikiamsha jicho la pili kabla ya risasi, kasi inasomeka kubwa. Hewa inayovuja mbele ya risasi ikiamsha jicho la kwanza mapema, kasi inasomeka ndogo. Kipande cha boksi gumu chenye tundu la ukubwa wa shilingi, kikisimamishwa kati ya mtutu na mashine, huzuia sehemu kubwa ya hewa hiyo. Kusogeza mashine mbali na mdomo kiasi cha mita moja pia husaidia, ila uilipie kwenye hesabu: risasi ya aina hii hupoteza zaidi kidogo ya mita 1 kwa sekunde katika kila mita ya hewa inayopita, na sheria inasema mdomoni.

Kuna kronografu za rada siku hizi, ambazo hazina macho mawili wala umbali wa kugombania. Huifuata risasi kwa nyuma na kukokotoa kasi kutokana na mawimbi yanayorudi. Ni vifaa vizuri. Shida yao ni kwamba risasi ya milimita 4.5 hurudisha mawimbi kidogo, hivyo rada isiyoelekezwa vizuri huikosa kabisa.

Mashine ikishatulia, bado bunduki ina tabia zake. Ya mtungi isiyo na regyuleta, kifaa cha kutuliza presha, haina kasi moja. Mtungi ukiwa umejaa kupita kiasi, presha hukandamiza vali isifunguke vya kutosha, na risasi za mwanzo huwa za polepole. Presha ikishuka kasi hupanda, hufika kileleni, hukaa hapo kidogo, kisha huanguka. Anayepima risasi tano za mtungi uliojaa tu amepima bonde na kukiacha kilima. Kanuni za 1969 zinaangalia uwezo wa bunduki, hivyo ni kilele kinachohukumiwa. Hiyo ndiyo sababu ya kufyatua mfululizo kuanzia mtungi umejaa mpaka kasi ianguke, huku unaandika presha kando ya kila namba. Bunduki za kaboni dayoksaidi huongozwa na joto: kwa nyuzi 20 presha ya gesi hiyo ni kama bar 57, kwa nyuzi 30 ni kama 72. Kipimo kilichochukuliwa Leeds mwezi Januari hakikuambii chochote kuhusu bunduki hiyohiyo mchana wa Mombasa.

Uzito wa risasi upimwe kwa mizani ya miligramu, usinakiliwe kutoka kwenye kifuniko cha kopo. Na zijaribiwe aina zaidi ya moja, maana bunduki za mtungi kwa kawaida hupata nishati zaidi kwa risasi nzito, na za springi kwa nyepesi.

Linabaki lile kosa lisilobadilika, la macho yasiyolingana. Kronografu haiwezi kujishuhudia yenyewe. Ukiwa nazo mbili, zipange moja mbele ya nyingine, fyatua kumi, kisha zibadilishane nafasi na ufyatue kumi tena. Ukitafuta wastani wa tofauti za pande zote mbili, kasi iliyopotea hewani inajifuta na unabaki na tofauti ya mashine zenyewe. Lakini bado hujui ipi ni ya kweli, na hapo namgeukia Benjamin Robins.

Mwaka 1742, jijini London, Robins alichapisha kitabu kuhusu kanuni mpya za mizinga. Hakuwa na umeme wala saa ya kukata sekunde vipande milioni. Alining'iniza gogo zito, akalifyatulia risasi, na akapima lilivyobembea kwa utepe mwembamba uliofungwa chini yake na kuvutwa na mwendo wake. Kasi ya risasi ilitoka kwenye uzani, urefu na muda wa kubembea, vitu ambavyo mtu wa zama zake aliweza kuvipima vizuri. Kwa njia hiyo alionyesha kwamba hewa huipunguza risasi kasi zaidi kuliko wataalamu wa wakati ule walivyodhani. Leonhard Euler alikitafsiri kitabu hicho kwa Kijerumani mwaka 1745.

Bembea ya Robins inafaa sana kwa bunduki ya upepo. Jaza kopo plastisini ili risasi inase isidunde, maana ikirudi nyuma huongeza msukumo na kudanganya. Uzito wote uwe gramu 500. Lining'inize kwa nyuzi nne za mita 2, ili liende mbele na nyuma bila kupinda. Utepe wa karatasi uliobanwa kwa wepesi nyuma yake utavutwa na kubaki pale kopo lilipofika. Risasi yetu ya gramu 0.547 ikiwa na mita 244 kwa sekunde, kopo litasogea sentimita 12. Kusogea huko hufuata kasi moja kwa moja, kwa hiyo milimita 1 kwenye utepe ni asilimia 0.8 ya kasi. Kwa risasi moja, hilo halizidi kronografu ya sentimita 30. Kwa wastani wa kumi linatosha kabisa kufichua mashine ndogo inayokosea kwa 1.7, na makosa ya bembea hayana uhusiano wowote na mwanga, vivuli wala ukungu.

Bembea na kronografu zikikubaliana ndani ya asilimia moja, iamini kronografu na uifanyie kazi. Zikipishana kwa zaidi ya hapo, pima upya nyuzi na uzito wa kopo. Vikiwa sawa, andika tofauti hiyo kwenye kibandiko juu ya mashine na uirekebishe katika kila kipimo kitakachofuata.