Kusadikika: Ndoto Yenye Funzo

Wako makada wanaodharau hadithi za mambo ya ajabu, wakidai kuwa ni za kulazia watoto. Sisi hatukubaliani nao. Katika Kusadikika (1951), Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, Shaaban Robert alibuni nchi iliyo angani. Humo Karama anashitakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria; anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi heri, wakaambulia kifungo. Kila tukisomapo utetezi huo tunasisimka. Lakini kasoro ipo: ukombozi unatoka kwa mfalme, huku umma ukisikiliza tu. Kada akisome, kisha ajiulize: katika mikutano yake, umma husema au husikiliza tu?