Kazimoto Alifikaje Chuo Kikuu?

Wahakiki wetu wakiishika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, wengi huelekea kulekule: udhanaishi. Maana ya maisha, kifo, Mungu, msomi aliyening'inia kati ya kijiji na mji. Sina ugomvi na usomaji huo, umefanya kazi kubwa tangu riwaya itoke mwaka 1974. Ila nimeirudia nikiwa kikazi Geita, mkoa ulio ng'ambo ya ziwa ukitokea Ukerewe alikozaliwa mwandishi, na safari hii nilikwama kwenye kitu kidogo: ile ziara ya mwanzoni ofisini kwa mkuu wa wilaya.

Mnaikumbuka. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, yuko likizo. Anakwenda kwa Manase, bwana mkubwa wa wilaya waliyejuana tangu utotoni, kutafuta kazi ya muda. Msomi mzima, lakini tegemeo lake ni kumjua mtu. Kezilahabi aliona mapema kwamba elimu humfikisha kijana mlangoni. Aliyeshika kitasa ni mwingine. Hapo nampa maksi zote.

Swali langu liko nyuma ya hapo: Kazimoto alifikaje chuo kikuu? Riwaya inamkuta akiwa tayari ndani, na kwa msomaji wa wakati ule hilo halikuhitaji maelezo marefu. Waliofika kidato cha sita walikuwa wachache, serikali iliwahitaji na ikawasomesha. Mwaka huohuo wa 1974 Azimio la Musoma likageuza utaratibu: kijana akimaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza, ndipo aende chuo. Njia ilibadilika, ila bado ni dola iliyomchagua kijana na kumwonyesha pa kupita. Hata Rosa Mistika (1971), inayomfuata msichana kutoka Ukerewe hadi sekondari na kisha chuo cha ualimu, haikai sana kwenye milango ya shule. Mateso ya Rosa yako kwenye ukali wa baba yake Zakaria, na baadaye mikononi mwa wanaume.

Sasa njoo Katoro au Nyarugusu, au vuka hadi Kakola kwenye mgodi wa Bulyanhulu, upande wa Shinyanga. Ni Julai, matokeo ya kidato cha sita yametoka. Kijana ana prinsipo mbili, pointi zake zimefika 4.0, kile kiwango cha chini cha kuingia shahada. Nyumbani hakuna aliyevuka darasa la saba. Hadithi yake inaanzia hapa, na ina kila kitu ambacho riwaya inahitaji: maandishi ya kufumbua, watu wa kati, na muda unaoyoyoma.

Andiko la kwanza ni mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Nimeusoma kama ninavyosoma kitabu chochote, nikijiuliza unamfikiria msomaji gani. Ni majedwali: chuo, namba ya programu, vigezo, nafasi, idadi ya miaka. Lugha ni Kiingereza. Msomaji wake ni kijana mwenye shangazi mhasibu, au kaka aliyemaliza Mlimani, wa kumwambia shahada hizi mbili zenye majina yanayofanana zinaachana wapi. Asiye na mtu huyo ni kama kapewa ramani ya mji asioujua, majina ya mitaa yamo lakini hakuna wa kumwambia sokoni ni wapi. Basi anachagua kazi alizowahi kuziona kwa macho: ualimu, uuguzi. Halafu sisi wa mjini tunasema vijana wa huko hawana ndoto kubwa.

Kulikuwa na mfumo wa pamoja. Kuanzia 2010 maombi yalipita TCU. Mwaka 2017 Rais Magufuli, mwenyewe mtu wa Chato, akataka wanafunzi waombe vyuoni moja kwa moja, kwa hoja kwamba walikuwa wanapangiwa vyuo wasivyovitaka. Hoja ilikuwa na uzito. Lakini uhuru huo nao una bei: kila chuo na tovuti yake, akaunti yake, ada yake ya maombi. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, unathibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu.

Simu ya nani? Hapo anaingia mhusika ambaye fasihi yetu inamdai nafasi: mtu wa steshenari. Nimekaa kwenye mabenchi ya steshenari hizo. Barua pepe ni yeye kaifungua, nywila iko kwenye daftari lake la kaunta, na mara nyingine hata namba ya simu iliyojazwa ni yake, kwa sababu ya mwombaji haishiki mtandao kijijini. Mwombaji anaitwa "wewe wa PCB" au "wewe wa HKL", kwa jina la tahasusi yake. Mtu huyu si mwizi. Mara nyingi ndiye pekee mtaani anayejua dirisha la maombi linafungwa lini. Ila maisha ya mtu yameandikwa na mkono wa mwingine, na tunajua Kezilahabi alivyofanya na hali kama hiyo: barua ya Charles kwa Rosa inaangukia mikononi mwa baba, na nyumba nzima inatikisika.

Andiko la pili ni fomu ya Bodi ya Mikopo. Hawa mwongozo wao umekuwa ukitoka kwa Kiswahili pia, na sifa hiyo wanaistahili. Fomu inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, sahihi ya serikali ya mtaa, mdhamini. Inataka kujua uwezo wa familia. Sasa mchimbaji mdogo uwezo wake ni upi? Mwezi huu duara limetoa, kanunua pikipiki. Miezi minane inayofuata anakopa unga dukani, na mama yuko mwaloni anahangaika na marudio. Fomu inamwelewa mwenye mshahara, inamwelewa yatima, inamwelewa aliye kwenye orodha ya TASAF. Baba ambaye kipato chake ni bahati haimwelewi, maana maisha yake hayana wastani wa kujaza kwenye kisanduku. Kueleza maisha ya namna hiyo ni kazi ambayo riwaya inaiweza kuliko fomu.

Najua pingamizi: fasihi si dawati la malalamiko, na mambo yanasonga. Kweli yanasonga. Mwaka 2022 ada ilifutwa kidato cha tano na sita, na bumu nalo limewahi kupandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Lakini ada ikifutwa, wanaofika mlangoni wanaongezeka, huku hadithi zetu nyingi za wanafunzi zikiendelea kuanzia ndani ya geti: mapenzi ya hosteli, mhadhiri mkware, bumu lililochelewa. Tunaandika kana kwamba kila mtu aliingia kama Kazimoto.

Kazimoto aliweza kuuliza maisha yana maana gani kwa sababu swali la kuingia lilikuwa limekwisha kujibiwa. Kijana wa Nyarugusu naye anauliza, ila anauliza Oktoba, jina limetoka chuoni na halimo kwenye orodha ya mikopo, wenzake wamepanda basi. Anayetaka kuandika riwaya yake asiimalize siku ya kudahiliwa. Barua ya udahili bila mkopo, kwao, ni karatasi ya kuweka kwenye bahasha pamoja na vyeti, chini ya godoro, hadi mwakani.