Maswali 120 juu ya mtu asiyekaa Baraka

Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja wa promosyo ya nyuma alinitumia picha ya kioo cha simu yake. Alikuwa katikati ya teste ya tabia, dakika zinakimbia, akaandika maneno machache tu: "Yaya, hapa niweke nini?" Swali lilikuwa kwa Kifaransa na maana yake ilikuwa hivi: napenda kumaliza jioni peke yangu na kitabu kuliko kuwa kati ya watu wengi. Chagua toka 1 mpaka 5.

Huyu mdogo anakaa na watu 11 ndani ya nyumba ya vyumba vitatu. Jioni yake ni taa moja ya sola, watoto wanaokariri masomo, mama anayerudi sokoni na jirani aliyeleta simu kuchaji. Hiyo "peke yangu" ataitoa wapi? Nilimwambia aweke 3. Baadaye nilijuta, na ndiyo maana naandika.

Mimi mwenyewe nilipita njia hiyo. Shirika silitaji, kwani shida si yao peke yao. Kazi ilikuwa ya kuandikisha watu kwenye distribusyo, mkataba wa miezi 3. Toka siku nilipoweka dosye mpaka siku nilipoacha kungoja jibu ilipita miezi 5. Yaani ningeweza kuanza ile kazi, kuimaliza, na kukaa nyumbani miezi miwili mingine, na wao bado wanachunguza kama nafaa.

Kwanza ilikuwa bahasha iliyofungwa, jina la kazi juu yake: barua ya motivasyo, CV, kopi ya diplome, cheti cha daktari, cheti cha tabia njema, karata ya mtafuta kazi ya ONEM. (ONEM iliundwa mwaka 2002 ili kutusaidia kupata kazi. Mimi mpaka leo imenisaidia kupata karata.) Kisha wakabandika liste ukutani, tukaenda kusukumana kama siku ya matokeo ya egzeta. Kisha teste ya kuandika. Kisha teste ya tabia kwenye simu, maswali 120, na reso ya hapa mnaijua: kwenye swali la 74 ikakatika, ikanirudisha mwanzo. Mwisho wakaniita intavyu Uvira. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, nilifika nimelowa mpaka magotini. Ndani ya kayee yangu nimeandika kila kitu, pamoja na kopi, moto, mega za intaneti na kulala Uvira: dola 47. Sehemu ya pesa hizo ilikuwa ya dada yangu anayeuza ndagala, na sijamrudishia.

Kisha kimya. Lakini nilionywa tangu mwanzo. Chini ya kila ofre kuko ile sentensi: ni waliochaguliwa tu watakaopigiwa simu. Tuisome vizuri mara moja, ju tunaipita haraka. Haisemi lini. Inakugeuza mwenyewe kuwa mtu wa kujipa jibu: siku moja unaamka, unaamua kwamba umeshindwa, hakuna aliyekwambia. Na jirani yake ni ile ingine: dosye zilizowekwa hazirudishwi. Wao wanabaki na karatasi zako, wewe unabaki na simu unayoogopa kuizima hata kanisani.

Sasa niwe wa haki. Mimi si adui wa teste. Wakubwa wetu wanakumbuka jinsi kazi zilivyogawanywa hapa: mjomba wa nani, kijiji gani, kabila gani, nani alimpeleka mbuzi mkubwa fulani. Teste ya kuandika, ambayo juu ya karatasi kuko namba bila jina, ilikuwa ushindi kwetu. Siku ile mtoto wa mvuvi wa Ubwari anaweza kumpita mtoto wa shefu, na imeshatokea. Mwenye kuajiri naye ana hofu yake: dosye zinajaa katoni nzima kwa ajili ya fasi mbili, na kuko diplome ambazo hata wino wake haujakauka. Ni lazima achuje.

Ila chujio la tabia linachuja nini hasa? Ile inayojulikana sana, ya herufi nne na aina 16 za watu, ilitungwa na Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, Wamarekani wawili ambao hawakusomea saikolojia chuoni. Walianzia kwenye mawazo ya kitabu cha Carl Jung cha mwaka 1921. Kampuni yenyewe inayoiuza inasema isitumiwe kuchagua wafanyakazi. Na sisi kwa nini tunasoma matokeo yetu na kusema "kweli, ndiye mimi huyu"? Mwaka 1948 mwalimu Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake, kumbe wote walipewa karatasi moja, maneno mengi yakiwa yametolewa kwenye kitabu cha nyota. Waliipa wastani wa 4.26 juu ya 5.

Ziko teste zilizojengwa vizuri zaidi, zinazopima tabia kwa mafungu matano, na siwezi kuzitupa zote. Bidii na uangalifu, kwa mfano, vinaonyesha kidogo nani atafanya kazi vizuri. Lakini hata hizo zilikuzwa kwa watu gani? Mwaka 2013 watafiti walizijaribu kwa Watsimane 632, wakulima na wawindaji wa Bolivia, na yale mafungu matano hayakujitokeza. Mwaka 2019 wengine waliangalia majibu kutoka nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, wakakuta maswali mara nyingi hayapimi kile yanachodai kupima. Sababu moja wapo ni kwamba mtu akiulizwa uso kwa uso huelekea kukubali tu. Mtu wa Fizi hahitaji kusafiri ili aelewe hilo. Mgeni akija na kalamu, unamjibu ndiyo. Ni heshima.

Kuko swali lilisema: meza yangu ya kazi huwa na mpangilio. Sijawahi kuwa na meza ya kazi! Ndiyo ninayoiomba.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu. Teste ya kuandika ina kura: 62 juu ya 100, unaweza kuuliza, unaweza kulinganisha na mwenzako. Ya tabia, hakuna aliyewahi kuonyeshwa kura zake. Unaambiwa tu kwamba profili yako hailingani. Nani atakata rufaa juu ya profili? Kama undugu ulifukuzwa kwenye mlango wa karatasi yenye namba, hapa umepewa dirisha, tena lenye pazia. Sisemi kila shirika linapitishia watu hapo. Nasema mwenye kutaka kupitisha hatakosa fasi.

Wataalamu Schmidt na Hunter walikusanya mwaka 1998 utafiti wa miaka 85 juu ya njia za kuajiri, na wengine wakasahihisha hesabu zao mwaka 2022. Mara zote mbili, kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe, au kuwauliza wote maswali yaleyale yaliyopangwa, kulipita teste ya tabia. Mimi nilikuwa naomba kuandikisha watu. Wangenipeleka Lusenda asubuhi moja na fomu 20, wahesabu makosa yangu jioni. Ingewagharimu siku moja.

Tangu Marekani ilipoifunga USAID mwaka 2025, ofre zimepungua, na najua mwenye njaa hachagui maswali. Kwa hiyo sitawaambia mkatae teste. Naomba komite ya asosyasyo yetu iandikie mashirika mambo mawili: kila aliyefanya teste apewe kura zake, na kila ofre iandike tarehe ya jibu, hata kama jibu ni hapana. SMS moja inatosha.

Mdogo wetu jana alinijulisha kwamba amefika hatua ya tatu. Wamemwambia angoje. Wakati huo alikuwa kwenye sekretaria publike anatoa kopi mpya za diplome, ju ofre ingine inafungwa siku ya tano.